Koti la King'amuzi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Tayari, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa kwa tabia yake ya kutamka "Tayari!" mguu mmoja ukiwa bado kwenye ngazi, mwenye nyumba hajaiona hata picha. Mara nyingi ilikuwa tayari kweli, tusimwonee. Miaka kumi na minne alikuwa akipanda mapaa ya watu na spana zake na kipimo chake, anasogeza dishi kiasi cha unywele kushoto, kiasi cha unywele kulia, na runinga zinaamka. Lakini Ijumaa ile, alipokuwa akifunga ngazi kwenye pikipiki kwenda nyumba ileile kwa mara ya tatu, kwa ugonjwa uleule, alilisikia jina lake kama tusi.

Nyumba ilikuwa ya fundi mwenzake, fundi cherehani, ambaye watu walimwita Mzee Subana. Subana ni kile kifuniko cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni asichomwe na sindano, na ya mzee huyu haikumtoka hata akila. Mzee Subana alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mkewe alikuwa anasikia, na maneno yote ya dunia yalimfikia mzee kupitia mikono ya mkewe, yamepunguzwa hapa na kutiwa chumvi pale kadiri mama alivyopenda. Mzee alilijua hilo na hakulalamika. Miaka arobaini ya ndoa humfundisha mtu kula anachopakuliwa.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye alijua kuzungumza kwa mikono kabla hajajua kutamka "mama". Sasa alikuwa mwalimu wa shule ya viziwi, mbali, safari ya siku mbili, na mwaka wa tatu huu likizo zake zilimezwa na masomo. Alikuwa akipiga simu. Ile simu yao ya vitufe iliwafaa watu wote: mama, majirani, hata muuza mkaa aliyepita siku moja akaombwa asalimie. Mtu mmoja tu hakuwa na la kufanya na simu ile, naye ni baba. Alikaa pembeni akiutazama uso wa mkewe unavyocheka na kushangaa, akingoja apewe makombo.

Halafu ikaja habari. Mkalimani wa lugha ya alama wa taarifa ya saa kumi alasiri anakwenda likizo, na binti ameitwa ashike nafasi yake kwa wiki mbili, Jumatatu hadi Ijumaa. Angesimama kwenye kile kiduara cha pembeni, chini ya kioo, upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, baba angeambiwa jambo na mwanawe bila mtu kusimama katikati.

Na siku tisa kati ya kumi, runinga ikamnyima. Ilikuwa ni hivyohivyo kila siku: picha safi tangu mchana, kisha saa kumi ikikaribia, au ikigonga tu, picha inameguka miraba miraba, inaganda, na kioo kinakuwa cheusi chenye maandishi ya kusema hakuna mawimbi. Siku moja mzee alimwona mwanawe kuanzia mabegani hadi viganjani. Binti aliinua mikono, akasema habari za mchana, na hapohapo akayeyuka. Leo ilikuwa siku ya kumi, ya mwisho. Jumatatu mkalimani mwenye zamu yake angerudi.

Mara ya kwanza fundi alikuja asubuhi, akabadilisha kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi. Mara ya pili alikuja asubuhi vilevile, akang'oa waya wote akaweka mpya, akasafisha viungio vilivyoshika kutu. Kila mara alijaribu dakika kumi, picha ikatulia kama maji mtungini, akasema neno lake na kwenda zake. Marehemu mwalimu wake alimfundisha kwamba ugonjwa wa dishi hutafutwa juu, na kwamba mteja ni wa kusalimiwa, si wa kuulizwa, kwa kuwa mteja atakueleza kila kitu isipokuwa unachokihitaji. Ushauri wa kijinga, ukiniuliza mimi, lakini ulikuwa umemlisha. Mara zote mbili Mzee Subana alimvuta mkono wa shati, na mara zote mbili fundi akajibu, "Ngoja, mzee, ngoja," bila kumtazama, kana kwamba mzee angesikia.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee." Ndivyo fundi alivyobisha Ijumaa hiyo. Kwa mzee aliinamisha kichwa tu, maana hakujua afanye nini zaidi.

"Marahaba, mwanangu. Subiri hapo kidogo," mama akasema, akakimbilia ndani kama alivyofanya kila fundi alipokuja. Fundi akasikia vifungo vikifunguliwa, kisha mlango wa kabati ukifungwa. Hakushughulika. Kila nyumba ina fujo yake ya kumficha mgeni.

Sebule ndiyo ilikuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani, pasi juu ya meza ya kukatia, na ukutani, kwenye msumari, zilining'inia karatasi ngumu za vielelezo: mgongo wa shati, mkono wa koti, mguu wa suruali. Runinga ilikuwa kwenye meza yake ya pembeni, inaonyesha watu wanaosuka mikeka, na chini yake king'amuzi, kile kisanduku cheusi, kimekaa peke yake kitupu. Fundi alikitupia jicho, akatoka nje akapanda juu.

Juu hapakuwa na kosa. Bati lilikuwa la moto kiasi kwamba alipiga magoti juu ya kofia yake, akapima, akapima tena. Mawimbi yalikuja kwa nguvu kuliko nyumba yoyote mtaani. Bolti hazikulegea, maji hayakuingia mahali, hakuna mti uliokua mbele ya dishi, hakuna ndege aliyejenga. Alibaki ameshika spana na hana cha kukaza. Akashuka.

"Tayari," alisema, ila safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Tayari ipi, mwanangu? Ile ya kwanza au ile ya pili?" mama akauliza. Kisha akavuta kiti, akakipangusa kwa ukingo wa kanga. "Leo hutoki humu. Kaa. Ukila utakula hapa, ukisinzia utasinzia hapa. Tayari utaniambia saa kumi na nusu, taarifa ikiisha."

Akakaa. Mtu aliyeshindwa mara mbili hana ubavu wa kukataa kiti. Ilikuwa inakwenda saa tisa. Mzee Subana alikuwa amekwisha kuvaa shati lake la kutokea, limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na amenyoa ndevu. Alikaa mbele ya runinga mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani.

"Huwa mnawasha saa ngapi?" fundi aliuliza, kwa kukosa la kusema.

"Zamani tuliwasha taarifa ikianza tu, basi. Lakini tangu mtoto aingie humo, saa saba tumeshawasha. Tusije tukachelewa."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mama akafungua kabati, akatoa kitu, akakikung'uta, akaanza kukivalisha king'amuzi. Lilikuwa koti. Koti kamili, la kitambaa kizito cha suti, rangi ya samawati iliyoiva, lina bitana ya kung'aa kwa ndani na kanvasi katikati ili lisikunjamane. Nyuma lilikuwa na vifungo viwili na kitundu kidogo cha kupitishia waya. Mbele, sawasawa na mahali rimoti inapoelekezwa, palikuwa na tundu la kifungo, limezungushiwa uzi kwa mkono, kazi safi ambayo hata bwana arusi hapewi siku hizi.

"Kalishona baba yake," mama alisema. "Siku tulipopata habari, aliacha suti ya mtu mezani akashona hili kwanza. Alisema mtoto hapiti kwenye sanduku lililo uchi, na nchi nzima inatazama."

Fundi alipapasa mshono, na kwa kweli aliusifu kwa moyo. "Mimi mwenyewe sina koti kama hili. Mbona sikuliona siku zile?"

"Ukija wewe namvua. Nani huenda kwa daktari na makoti mwilini?"

Fundi akacheka. Mama akayapeleka maneno kwa mikono, na mzee naye akatabasamu, akampima fundi mabega kwa macho. Walicheka wote watatu, maskini, na jibu la siku kumi limekaa mbele yao limevaa suti.

Saa kumi kasoro dakika kumi, tangazo la sabuni likakatika. Mraba mmoja, miwili, ishirini. Mwanamke mwenye sabuni akabaki na nusu ya uso, kisha giza.

Mama alipiga yowe fupi. Mzee hakufanya kitu. Aliviangalia viganja vyake tu. Fundi akafanya lile analolijua: akatoka mbio, akapanda ngazi mbili mbili, akalikumbatia dishi.

"Imekuja?" alipaza sauti kutoka juu.

"Bado!" mama akajibu dirishani.

Akasukuma kidogo. "Na sasa?"

"Bado, fundi, bado! Saa inakwenda!"

Jasho lilimwingia machoni. Mawimbi kwenye kipimo yalikuwa kamili, na bado alikuwa ameshika spana, ameibana kwenye bolti kubwa ya kati, tayari kuilegeza. Angeilegeza, asingelirudisha dishi mahali pake kabla ya magharibi. Mfa maji haachi kutapatapa. Hapo akahisi mkono umemshika kifundo cha mguu.

Alikuwa Mzee Subana. Miaka sabini na ushei, shati la kutokea, na nusu ya mwili wake ipo juu ya bati. Hakumvuta mkono wa shati safari hii. Alikamata mguu na hakuuachia, na kwa mkono mwingine akaelekeza chini, mara moja, kama mtu anayemwita mtoto. Fundi hakuthubutu kusema ngoja. Alishuka.

Mzee alimpitisha sebuleni, akamsimamisha mbele ya king'amuzi, akauchukua mkono wake wa kulia, akaupitisha chini ya pindo la koti na kuubandika juu ya kisanduku. Fundi akaurudisha haraka. Kilikuwa moto kama pasi.

"Mungu wangu! Kimeanza lini kuwa hivi?"

Mama akainamisha uso. "Tangu siku ya kwanza anasema. Anasema sanduku lina homa, linapanda homa alasiri. Mimi nikaona aibu kukuambia. Fundi umekuja na mitambo yako, nikueleze sanduku lina homa? Ungetuona hatuna akili."

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi alinong'ona, vidole vyake vikiwa tayari kwenye vifungo. Hilo mama hakulitafsiri.

Lakini mzee hakuhitaji tafsiri. Alimtazama fundi akilivua lile koti, akahisi joto lilivyotoka, akaona jinsi vitundu vya kupumulia vya kisanduku vilivyokuwa vimezibwa kwa bitana, na kila kitu kikampangikia. Saa saba hadi saa kumi. Sufi nzito, kanvasi, bitana. Alijua kitambaa hicho kinavyotunza joto. Alikuwa amekiuza kwa sifa hiyohiyo maisha yake yote. Mikono yake ikaenda polepole, alama mbili tu.

"Anasemaje?" fundi akauliza.

Mama alikuwa analia. "Anasema, kumbe ni mimi."

Fundi alisimama na koti mkononi. Angeweza kunyamaza, lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe. Aliona haya hadi masikio yakawaka. "Mama, mwambie hapana. Mwambie yeye aliujua ugonjwa tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuja mara mbili na sikuuliza. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

Mama akapeleka yote, na safari hii hakutia chumvi wala kupunguza. Mzee alitazama, akafikiri, akapangusa uso kwa kiganja. Kisha akamgonga fundi begani na kuelekeza saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika nne.

Basi hapo ndipo Fundi Tayari alipofanya kazi. Alizima kila kitu. Akakinyanyua kisanduku kwa kitambaa, akakipeleka nyuma ya meza, karibu na dirisha, hadi waya ulipokataa kusogea zaidi. "Nipe kitu cha kukiinua, hewa ipite chini!" Mzee alikuwa ameshaelewa kabla mama hajainua mikono, akaweka vigurudumu vinne vya uzi, vitupu, kimoja kila pembe. Mama akamwaga maji sakafuni, kwa sababu alitaka naye kufanya kitu. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Fundi alikigusa kisanduku, akatamani kusubiri zaidi, na hakuwa na cha kusubiria. Akawasha.

Vyombo hivi vikiwashwa huanza kuhesabu, na havijui kwamba mtu ana haraka. Kumi kwa mia. Thelathini. Hapo kikasimama kama kinavuta pumzi. Sabini. Mlio wa taarifa ukasikika kabla ya picha, na mama akapiga makofi. Halafu picha ikaja, na hapohapo mraba mmoja ukaonekana juu kushoto, na wa pili.

"Inavunjika! Fundi, inaanza tena!"

Joto lilikuwa bado halijatoka. Fundi alitupa macho ukutani, akanyofoa msumarini ile karatasi ngumu ya mgongo wa shati, akapiga magoti nyuma ya runinga na kuanza kupepea kwa nguvu zake zote. Mwana wa mhunzi asipofua hufukuta, na yeye ambaye siku zote alifua, leo akafukuta.

"Imepungua," mama akasema. "Imepungua... imetulia. Usiache!"

Hakuacha. Alibadilisha mkono wa kulia na wa kushoto, jasho likimdondoka puani. Kutoka pale alipopiga magoti, kioo hakukiona hata kidogo. Alichokiona ni mzee, mbele yake kabisa, amesogeza kiti hadi magoti yanagusa meza.

Kwa hiyo taarifa ile fundi aliitazama usoni kwa Mzee Subana. Aliuona uso ukijikunja kwa umakini, kisha ukilegea kama fundo lililofunguliwa. Msomaji habari alikuwa akisema barabara imefungwa na mvua, bei ya mafuta, wageni wa serikali, na hayo fundi aliyasikia. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu anayezungumza na mwanawe. Midomo ya mzee ilicheza. Mara moja mikono yake iliruka yenyewe.

"Anasema mtoto amekonda," mama akasema, akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. "Namwambia tazama habari, anasema habari atazisoma kesho gazetini. Haya, sasa anasema alama ya 'daraja' kaikosea, si hivyo alivyomfundisha."

Baada ya robo saa mkono wa kulia wa fundi ulikufa ganzi. Baada ya dakika ishirini na tano na wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Alishika karatasi kwa mikono yote miwili na kuendelea. Msomaji habari akawashukuru watazamaji, akawatakia jioni njema, na muziki ukaanza.

Ndipo fundi alipomwona mzee anaacha kupumua. Macho yalimtoka, yamekaza kwenye ile pembe ya chini, upande wa kulia. Kisha mkono wake ukainuka taratibu, ule wenye subana, akagonga dole gumba kwenye ncha ya kidole cha kati. Mara moja. Mara mbili. Mkono wa pili ukafuata na alama nyingine, ndogo, karibu na jicho.

Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika.

"Mama, nini? Imekatika?"

"Haijakatika." Akaishusha kanga mdomoni. "Wamemaliza, watu wote wanaondoka, mtoto kagonga kidole. Hivi. Anayeangalia atadhani amechoka vidole. Ndiyo jina la baba yake, subana. Tangu mdogo anamwita hivyo."

"Na mzee kajibu nini?"

"Kajibu, nimekuona."

Kiduara kilikuwa kimekwisha kuondoka kwenye kioo, na yule mwanamke wa sabuni amerudi na uso wake mzima. Mzee Subana alikuwa bado ameinua mkono. Fundi naye, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, aliendelea kupepea.